Namna Nilivyomzika Babu kwa Kiingereza

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka msomi! Chuo cha ng'ambo kimenikubali kusoma shahada ya uzamili. Sharti moja tu: mtihani wa Kiingereza, alama saba kila sehemu. Mtihani ni Jumamosi hii.

Kizingiti kingine kina miguu. Ni Kamusi, mwenzangu wa meza moja hapa maabara ya maji. Naye kakubaliwa chuo hicho hicho! Mkuu wa maabara amesema wazi kwamba ruhusa ya masomo ni moja, ataipata atakayetangulia kufaulu. Kamusi humeza maneno mapya ya Kiingereza kila asubuhi kwa chai. Leo ametumia mojawapo kuulizia sabuni, hakuna aliyemwelewa. Simwogopi. Akili ni nywele, na Kamusi ana upara.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Kwa nini nijifunze Kiingereza chote na watakachosikia ni dakika chache? Nimetunga hadithi moja ya kujibia maswali yote. Babu yangu, baiskeli yake, mto uliofurika. Wakiuliza mtu ninayemheshimu: Babu. Zawadi: baiskeli. Safari: ndiyo hiyo. Mazingira: mafuriko. Teknolojia: kengele ya baiskeli. Mwishoni Babu anafariki, mkono ungali kwenye breki. Lazima afariki. Mtahini akishatoa chozi hawezi kutoa chini ya nane.

Jioni nimekariri kwa sauti nikizunguka chumbani. Nimejiliza mwenyewe. Kipaji hiki!

Jumatano, 5 Machi

Tatizo dogo. Babu yuko hai. Tunaishi naye, chumba cha pili, anakula kunishinda, na maisha yake yote hajapanda baiskeli kwa kuwa anaziogopa. Kiingereza hajui. Lakini mdogo wangu wa kike anajua, na jana alikaa naye sebuleni akimtafsiria sentensi baada ya sentensi, hadi kwenye breki. Mchochezi yule!

Asubuhi nimemwamkia Babu, shikamoo. Kimya. Nimerudia. Akamtuma mdogo wangu anijulishe kwamba maiti haiitikii shikamoo.

Nikajitetea kuwa ni Kiingereza tu, hakimuui mtu. Akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Alhamisi, 6 Machi

Babu amelegea, kisha amezidi. Kama kufa ni lazima, basi si kwenye matope. Anataka kitanda, wodi ya daraja la kwanza, wanawe wote wamemzunguka, na yule shemeji yake aliyekosana naye awe mlangoni anaomba msamaha. Nimemweleza kuwa muda hautoshi. Tumevutana mpaka chai ikapoa. Mwafaka: breki inabaki, ila afe amevaa suti. Shikamoo yangu bado hajaiitikia.

Kazini nikashindwa kujizuia. Nilitaka kumvunja Kamusi moyo kabla ya vita, basi wakati wa chakula cha mchana nikamsomea hadithi nzima, na ishara za mikono juu. Alilia! Machozi mpaka kwenye koti la maabara. Akaomba nirudie, polepole. Nikarudia tena na tena. Nimemwonea huruma kweli. Mtu akishajua kashindwa huwa mpole.

Ijumaa, 7 Machi

Kamusi leo hakumeza neno hata moja. Kutwa alikuwa akitembea kati ya chupa za sampuli, midomo ikimchezacheza. Nadhani anasali. Nami nimemwombea.

Jumamosi, 8 Machi

Kuandika kwanza. Swali: eleza grafu ya mauzo ya maziwa. Nilishtuka kidogo, kisha nikaona mstari unashuka. Mteremko! Na nani bingwa wa mteremko? Nikamshusha Babu na baiskeli yake hadi mtoni, suti na yote. Nimetoka natabasamu.

Kisha kuzungumza. Kamusi katangulia, katoka akipangusa macho, hakunitazama. Mtahini ni mama wa makamo mwenye miwani. Akaniomba nimweleze kuhusu mzee niliyempenda. Ee Mungu, furaha niliyokuwa nayo! Nikaanza: Babu alikuwa na baiskeli. Mama akaweka kalamu chini, akauliza kwa upole kama na huyu wangu anafia kwenye breki, maana asubuhi hii ameshazika mmoja.

Mwizi! Kikulacho ki nguoni mwako! Hasira zikanipanda, yote niliyokariri yakayeyuka. Nikamwaga Kiingereza bila breki. Kwamba Babu ni wangu, yuko hai, anaogopa baiskeli. Kwamba ananinunia, na inaniuma, kwa sababu nikienda ng'ambo naye akafa kweli, nitakuwa nimeagana na mtu asiyesema nami. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka liliponitoka. Mama alicheka, kisha akavua miwani akaifuta.

Nimeharibu kila kitu. Hata mtoni sikufika.

Nyumbani Babu akataka kujua amekufaje. Nikamsimulia niliyomwambia yule mama, neno kwa neno. Kisha akasema marahaba, mjukuu wangu, akaniuliza kama nimekula. Niliingia jikoni nikalia kidogo, na safari hii bila kukariri.

Jumatatu, 17 Machi

Matokeo! Kuzungumza: nane na nusu! Kuandika: nne. Kamusi kinyume changu: kuandika saba, kuzungumza nne. Ruhusa bado haina mwenyewe. Mkuu wa maabara kasema sote wawili turudie mwezi ujao.

Nimepiga hesabu kwa makini. Kama bila kukariri nimepata nane na nusu, ningekariri sawasawa si ingekuwa tisa? Na kwenye kuandika kosa liko wazi: baiskeli. Kushuka inashuka, lakini grafu ikipanda itapandaje? Basi nimempa Babu pikipiki. Amekubali kufa tena, mradi safari hii suti iwe ya kijivu.

Mchana nimemsamehe Kamusi wizi wake, maana ile nne imeshamfunza, nikamsomea hadithi mpya, nipime kama inahuzunisha. Inahuzunisha mno! Kalia zaidi ya mara ya kwanza, na pale penye kona kali akaniomba nirudie, polepole.