Korma Kichwani, Kutoka Himbi Mpaka Keshero

Leo nimeaibika vibaya, ndugu zangu.

Nilikuwa kwa majaribio ya kazi ya upishi mtaa wa Himbi, kwa Papa Karimu, mufanyabiashara Muhindi. Siku moja tu. Wageni wake wanakula saa saba. (Tangu lava ya volkano ilipomeza nyumba yangu, nafulia watu nguo. Kazi hii niliiombea mpaka magoti yakauma.)

Chakula: korma. Nyama ya mwana-kondoo inalala ndani ya maziwa ya kuganda, halafu korosho za kusaga, iliki, krimu, moto kidogo sana. Papa Karimu anasema zamani ilipikwa kwa wafalme wao. Mke wake akaongeza: "Inaleta damu, lakini mafuta ni mengi. Yule mugeni muzee mwenye presha, mupe vijiko viwili tu."

Mafuta mengi! Mimi waasi walinifukuza mara tatu, nikala majani ya viazi bila chumvi. Nikaendelea kukoroga.

"Mama Feza, usiache hiyo sufuria," Papa Karimu akasema. "Krimu ikichemka sana inakatika, inakuwa mabonge."

"Siiachi, Papa."

Saa sita na nusu. GBUUUM! Sakafu ikatetemeka, vumbi likaingia dirishani.

Volkano! Ama bomu! Sikuuliza. Siku lava ilipokuja mara ya kwanza, niliacha maharagwe motoni, watoto wangu wakalala njaa siku tatu barabarani. Nikaapa: sitaacha tena sufuria nyuma. Nikakunja aproni ikawa ngata, sufuria ya korma juu ya kichwa, mbio njia ya kwenda Sake! "Tukimbie! Tukimbie!" (Nilikuwa nakimbia peke yangu. Hilo sikuliona.) Krimu ikanishuka shingoni.

Kufika mtaa wa Keshero, Bosco, dereva wa pikipiki, ananifuata, simu mkononi, ananipiga video, anacheka mpaka machozi.

"Mama, unakimbia nini?"

"Wewe hukusikia?"

"Ni Deo, yule muuza mawe, na lori lake! Amemwaga mawe ya kujengea kwa jirani ya Papa Karimu!"

Deo! Mawe ya lava! Lava ilikula nyumba yangu, sasa imekuja kula kazi.

Bosco akanirudisha, sufuria mapajani. Wageni wameketi, sahani tupu, wananitazama mimi mwenye krimu kwenye nyusi.

"Mama Feza, nilikuambia usiache sufuria."

"Sikuiacha, Papa."

Wageni wakaangua kicheko. Papa Karimu hakucheka. Akanipa kitambaa nijipanguse, akasema niende nyumbani nipumzike. Habari ya kesho, kama nirudi kazini, hakuitaja.

Video anayo Bosco, mutu mubaya yule. Ikifika kwenu, tafadhali muifute. Na mukishindwa kabisa, muchekee moyoni, lakini mujue nyama ilikuwa imeiva.