Kunde kwa Mita

Jumatatu, 6 Mei
Kunde ndefu zimezaa! Zinaning'inia kwenye fito kama kamba za viatu. Hizi huliwa pamoja na ganda lake. Mke wangu Espérance anataka zichumwe leo, zingali laini. Haraka ya nini? Jirani Mama Marthe anachuma zake kila asubuhi, nyembamba kama kalamu, anauza kwa fungu. Mimi nitauza kwa mita, kama kitenge. Ikirefuka mara mbili, inalipa mara mbili. Hesabu hiyo hata mbuzi anaielewa.

Espérance ametoa sharti: Mama Mwanahamisi, mpishi wa harusi ya Jumapili, akikataa kunde zangu, bustani yote inageuka ya lenga-lenga, ule mchicha wake. Nimekubali. Hata nimecheka.

Jumanne, 7 Mei
Nimeazima mita kwa Anatole, fundi cherehani. Sentimita arobaini na tano! Anatole ameuliza kama ninaishonea kunde suruali. Wivu.

Alhamisi, 9 Mei
Zimegoma kwenye hamsini na mbili. Nimefunga vijiwe vya wavu kwenye ncha, zivutike. Mama Marthe akachungulia juu ya ua: eti Papa Bertin, siku hizi unavua samaki hewani? Nikaongeza vijiwe. Sita zimekatika. Nazihesabu zimekufa kazini.

Jumamosi, 11 Mei
Mama Mwanahamisi amekuja. Nikanyoosha mita. Akauliza, iko muntu anakula mita? Akashika kunde moja, akaikunja. Haikuvunjika! Ganda limevimba, ndani punje ngumu. Akasema, Papa, hii ni ya kufungia mbuzi. Kisha akaenda kwa Marthe, akachukua kikapu kizima cha vile vikalamu. Marthe akapaza sauti, nisikie vizuri: ukichuma mapema, mti unazaa tena, wako umezeeka na watoto mgongoni.

Nani alimwomba shule?

Jumapili, 12 Mei
Harusini. Nimekula kunde za Marthe sahani mbili. Tamu. Lakini fupi. Watu wa mji wetu wa Baraka hawajui wanachokosa.

Jumatatu, 13 Mei
Espérance amelima yote, amemwaga mbegu za lenga-lenga. Hakugomba. Hilo ndilo baya. Nimembembeleza mpaka akanipa kipande nyuma ya choo, upana wa jembe moja, eti nisimsumbue tena.

Nimekwenda kukipima. Ni chembamba, kweli. Lakini urefu wake!