Unga wa Maganda ya Mayai

Jumatatu, tarehe 6 Mei
Kitinda mimba wangu anatengeneza dizeli kwa mafuta niliyokaangia viazi. Dizeli! Nikamwambia mwanangu, hayo yameshanuka. Akasema mama, ndiyo hayo hayo. Ijumaa mwalimu wa chuo atayatia kwenye injini. Ikinguruma, amefaulu. Ikigoma, anarudia mwaka mzima.

Dawa ya kuyageuza mafuta ni maganda ya mayai. Kayachoma kwenye tanuri la mwoka mikate, yamekuwa unga mweupe pe. Kautia koponi, kaniomba nisiuguse. Mimi? Niuguse wa nini?

Jumanne, tarehe 7
Nimeugusa.

Lakini jamani, yai linatokea wapi kwa kuku? Na mwanangu aupeleke mbele ya mwalimu haujaoshwa! Nikamimina maji kidogo. Lahaula! Unga ukachemka bila moto, kopo likaniunguza vidole. Nimeuanika juani, nikaurudisha. Nimetulia kama maji mtungini.

Jumatano, tarehe 8
Hakuna dizeli. Ute mzito na povu, kama sabuni ya kufulia. Mtoto kakaa sakafuni, anajilaumu: pengine sina akili, mama, pengine nimepima vibaya. Moyo ukanikatika. Nikamwambia yote. Hakunifokea. Afadhali angefoka! Kasema tu unga ule ni kama chokaa, ukinywa maji ndio basi, akaanza kuokota maganda mapya. Mwoka mikate nimembembeleza mimi. Kacheka, kauliza kama safari hii tunajenga nyumba ya chokaa.

Jirani, Mama Cherehani, ambaye bintiye yumo darasa hilo hilo, kapita makusudi na chupa ya dizeli ya bintiye. Imejaa hadi shingoni. Eti, na yenu vipi, shoga?

Ijumaa, tarehe 10
Dizeli ya mwanangu ilitoka safi, rangi ya asali. Lakini nusu chupa! Mama Cherehani angetucheka. Mtoto alipoingia kuoga, nikajazia mafuta ya kupikia, mapya kabisa, kama unavyoongeza mchuzi wageni wakizidi.

Injini imekohoa mara tatu, ikazima. Ya binti wa Mama Cherehani imenguruma. Mwanangu karudi, kaiweka chupa mbele yangu. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nimeshafika vitukuu.

Jumapili, tarehe 12
Mwalimu ana huruma. Kampa nafasi ya mwisho, kesho asubuhi. Unga mpya umo koponi, kaufunga kwa kamba, mafundo matatu. Kabla ya kwenda kutafuta mafuta kanishika mikono yote miwili: mama, nakupenda, usiguse. Nimeapa. Nimelia. Nimekoma.

Nikafungua kuhakikisha tu kama upo salama. Juu yake pana unywele. Mmoja, mweusi, bila shaka wa yule mwoka mikate. Sasa mzazi gani ataona hivyo aache? Nimewaza sana. Kosa langu siku ile yalikuwa maji baridi.

Leo nimeyachemsha kwanza.