Tovuti ya Wabeba Wagonjwa

Kamati ya Uratibu wa Vitu vya Bure inautangazia umma kwamba kuanzia sasa hakuna kitu cha bure kitakachotolewa kiholela. Mimi ndiye katibu.

Chanzo ni Kokushubila, mwenye duka la kompyuta Bukoba mjini. Ili duka lijulikane, alianza kuvitengenezea vikundi vya wananchi tovuti bila malipo. Cha kwanza kilikuwa cha Mama Gaudiosa wa Rubya, kinachobeba wagonjwa kwa machela kutoka migombani hadi hospitali. Tovuti ilikuwa na namba za simu za wabebaji, kijiji kwa kijiji. Basi.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Rugaibula, alimwita ofisini.

"Binti, neno la ukaribisho liko wapi?"

"Mzee, anayefungua ana mgonjwa. Anatafuta namba."

"Akaribishwe kwanza."

Tulimpa siku saba. Akaweka picha ya Mwenyekiti, kubwa, na hotuba yake ya kurasa nne. Namba ziliondolewa, zisubiri kibali cha kikao kijacho.

Wiki iliyofuata tulikwenda Rubya kukagua mafanikio hayo. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likanasa, Mwenyekiti akashuka kutoa maelekezo, akateleza. Kifundo cha mguu kikavimba palepale.

"Waite wale wabebaji," alisema kwa sauti ndogo.

Nikafungua tovuti. Mwenyekiti akatukaribisha. Kwa kuwa kanuni inataka hotuba isomwe yote, nikaanza kuisoma.

"Soma kimya," alisema.

Tulikaa saa mbili, hadi Mama Gaudiosa alipotukuta akitoka shambani kuchuma kahawa. Akapaza sauti, wenzake wakaja na machela.

"Pole, taata. Mbona hamkupiga simu?"

Walipombeba mabegani, Mwenyekiti aliniagiza picha yake itolewe na namba zirudishwe leo hii. Nilimkumbusha kuwa hilo linahitaji kikao, na kwa kanuni aliyoisaini mwenyewe, mjumbe aliyelala hahesabiwi.

Mama Gaudiosa akasimama. "Basi tumteremshe," aliwaambia wenzake kwa upole. "Akae, wafanye kikao."

Mwenyekiti akaketi kwenye matope. Hoja ikapita kwa kauli moja. Nikampigia Kokushubila, naye akauliza kama barua rasmi itafuata.

Mwenyekiti aliichukua simu mkononi mwangu.

"Binti," alisema, "nakuomba."

Kwa miaka kumi na moja ya ukatibu, neno hilo sikuwahi kuliandika kwenye muhtasari.