Kabureta ya Marehemu na Bomba la Hewa ya Moto

Jumatatu, 3 Machi
Ndege imemeza karakana yote. Mabawa ukutani, mkia mlangoni, mimi napita kiubavu kama kaa. Mwaka wa tatu huu mwanangu anaunda dude lake kwa mikono, na injini ameitoa kwenye gari lililopinduka. Injini gani hiyo! Haina pistoni. Tumboni mna chuma cha pembe tatu kinachozunguka tu kutwa, kama mgeni asiyejua kuaga.

Imebaki kuchagua kitu cha kuilisha hewa na mafuta. Mke wake anataka nozeli za kunyunyiza mafuta, nyaya na kikompyuta. Mimi nataka kabureta ya marehemu mume wangu. Aliiokoa kutoka gari la kwanza alilotengeneza, akaisafisha kila mwaka mpaka alipokufa. Iko kabatini kwangu, imefungwa kwenye kanga. Mtoto apae bila kitu cha baba yake? Labda nife.

Nimeanza vita. Nimegoma kula.

Jumanne, 4 Machi
Mgomo umefaulu. Mezani sikugusa kitu. Nilikula mikate mitatu jikoni wenyewe wakiwa karakana, lakini hiyo ni siri yangu na Mungu.

Mwanangu kalainika. Alisema baba alikuwa baba, kabureta ifungwe. Mkaza mwana hakulainika. Yeye ni fundi wa friji, na mtu akishajua friji hudhani dunia nzima ina mlango na taa ndani. Alieleza kwamba petroli ikigeuka mvuke hunyang'anya joto, sawa na gesi ya friji. Siku ya unyevunyevu, barafu huota kooni mwa kabureta, injini ikakabwa huko juu, hata kama sisi chini tunatoka jasho. Ati barafu! Kwenye injini inayoweza kukaanga yai!

Nilimuuliza friji lake litachomekwa wapi angani. Mwanangu alicheka. Yeye hakucheka. Watu wa friji wana roho baridi.

Alhamisi, 6 Machi
Wamenizunguka. Kabureta imefungwa, ndiyo, inang'aa kama jino la dhahabu. Lakini mkaza mwana kaitungia bomba lake la bati, linachota hewa ya moto kandokando ya bomba la moshi. Rubani akivuta kishikio, kidude kinaziba mdomo wa hewa ya baridi na kufungua wa hewa ya moto, barafu iyeyuke. Barafu isiyokuwepo!

Mkaguzi wa ndege alikuja leo. Mtu wa kalamu mbili mfukoni. Injini ikawashwa, akavuta kishikio, mngurumo ukashuka. Nilisikia kwa masikio yangu, ulishuka. Naye akafurahi! Alisema hiyo ndiyo dalili kwamba hewa ya moto inafika. Akatia saini, akaenda zake. Mimi nimeishi na fundi miaka thelathini na minane. Marehemu alikuwa akisema injini hupenda hewa ya baridi kama mlevi anavyopenda kivuli. Ukiilisha joto, nguvu zinakwenda. Sasa mtoto wangu apande mawinguni na injini iliyolegea?

Nililisema hilo. Mkaza mwana akanishika mkono, vidole vyake vina grisi.

"Mama, hilo bomba ndilo litakalomrudisha nyumbani. Nakuomba, lisiguswe."

Ananiambia mimi nisiguse. Mimi niliyemzaa.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi waliingia ndani kunywa chai kabla ya kuivuta ndege uwanjani. Nilisema nina kiungulia, nikabaki.

Nilikata kifuniko cha kopo la rangi, duara kama sarafu kubwa. Nikalegeza kibano cha bomba la bati, nikachomeka kifuniko, nikakaza tena. Dakika kumi. Ukitazama kwa nje huoni kitu. Kishikio kinakwenda na kurudi, mwanamke ataridhika. Hewa ya moto haipiti, injini itabaki na nguvu zake. Kila mtu kapata haki yake na hakuna aliyegombana. Na niliishia darasa la nne tu! Wangenipeleka mbele, sijui ningekuwa nani.

Jumamosi, 8 Machi
Naandikia hospitalini.

Manyunyu yalikatika alfajiri. Nyasi za uwanja zimelowa, mawingu yamekaa chini. Mkaza mwana alitaka wangoje jua likaushe hewa. Nikasema mbele za watu kwamba mtoto wa baba yake haogopi umande. Mwanangu akaniangalia, kisha akavaa kofia yake. Mkewe akamuuliza kama amejaribu kishikio cha hewa ya moto. Alijibu kwamba mkaguzi alishakijaribu juzi.

Akapaa. Nililia kwa furaha, sikatai. Akazunguka mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Mkaza mwana alisema polepole, kama anayesoma dua, "Vuta, baba, vuta."

Lazima alivuta. Maana baada ya hapo haikukohoa tena. Ilinyamaza.

Alishukia shamba lililolimwa, ng'ambo ya ua wa uwanja. Magurudumu yalizama, ndege ikapiga kichwa chini. Mkaza mwana alikimbia, akaacha viatu vyote viwili matopeni.  Mimi nilibaki nimeshika ua.

Yu hai. Mfupa wa paja umevunjika, na mbavu nne. Daktari hajasema kama atatembea sawasawa.

Jumanne, 11 Machi
Wodini. Mkaza mwana alikwenda kuitazama ndege jana. Leo kaingia na mfuko, akatoa kile kifuniko cha kopo, akaniwekea mapajani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kishikio kiliziba hewa ya baridi, wewe uliziba ya moto. Akiamka atauliza. Mwambie wewe."

Akatoka. Mwanangu aliamka, akauliza. Nikamwambia ni unyevu, mwanangu, kazi ya Mungu. Akasema huenda alichelewa kuvuta kishikio, kosa ni lake. Machozi yakamtiririka mpaka masikioni. Nikayafuta. Kifuniko nikakifunga kwenye pindo la kanga.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alinisikia, na guu limevunjika vilevile. Nimelifikiria hilo asubuhi nzima. Jibu ni moja: hakunisikia vizuri. Angechukua kabureta peke yake tangu mwanzo, bila mabomba ya watu wa friji, nami nisingekata kopo.

Mguu wake wameufunga kamba, kamba inapita kwenye kigurudumu, mwishoni yananing'inia mawe ya chuma manne. Manne! Ule ni mguu, si ndoo ya kisimani. Nilimwambia muuguzi mzigo umezidi. Alijibu kwamba daktari kaupima, na usiguswe. Daktari mwenyewe hata ndevu hana.

Mwanangu amelala. Muuguzi anatazama saa, chai yake imefika. Akitoka tu nitapunguza jiwe moja.

Au mawili.