Nilivyoyanywa Mafuta ya Shangazi Lupe

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Jumapili tunafungua ukumbi mpya wa kanisa. Kuna ubeti mmoja wa kuimba peke yako, mbele ya kisiwa kizima. Lopeti, mwalimu wa kwaya, kasema tumebaki wawili: mimi na Uaisele. Atachagua Alhamisi.

Uaisele ni mtoto wa Shangazi Lupe, na hapa Tonga mtoto wa shangazi yuko juu yako hadi kaburini. Februari alivipenda viatu vyangu. Akavaa, akaondoka. Pasaka akachukua nguruwe. Nikatabasamu, ndiyo heshima. Lakini ubeti huu? Thubutu! Sauti huwezi kumvua mtu kama kiatu.

Jumanne, tarehe 5

Nimejua siri yake! Nilipita nyuma ya jiko la Shangazi, kwa bahati tu, mara tatu. Nikamwona Uaisele kashika chupa ya soda yenye kitu cha manjano, kichwa kakiinua juu. Majani ya mgomba yakanizuia kuona zaidi. Akairudisha chupa rafuni, akaimba. Sauti laini, haina hata mkwaruzo. Kumbe anakunywa dawa ya sauti!

Kugusa kitu cha shangazi ni mwiko, na hata mimi nina mipaka. Basi ikabidi hila. Nikaingia nikikohoa, nikalalamika koo linakwaruza. Shangazi alikuwa anasuka mkeka. Akanyanyuka, akanipa chupa ileile, akasema nichukue niende zangu, namvurugia kazi. Nikachukua. Shangazi haulizwi swali la pili. Nimeshinda!

Jumatano, tarehe 6

Alfajiri nikapiga mafunda matatu. Ladha ya bibi harusi. Nikajikaza kisabuni, nikaongeza la nne. Dakika kumi baadaye nacheua maua. Nikajaribu kuimba, sauti inateleza ajabu. Saa mbili tumbo nalo likaanza kuteleza.

Mke wangu, Siale, aliinusa chupa tu akashika kichwa. Kasema hayo ni mafuta ya mwili: nazi, maua, sandali, na losheni ya watoto inayotumwa na ndugu walio ng'ambo, Auckland, ambayo Shangazi huongezea ili yasiishe haraka. Akaniuliza nina miaka mingapi. Arobaini na sita.

Zahanati. Nesi Falakika akauliza nimekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi. Akaandika yote, akampigia daktari. Nisukutue mdomo, ninywe maji kidogo kidogo, nisijitapishe, maana hatari ni mafuta kuingia mapafuni. Nikianza kukohoa au kupumua kwa shida, nirudi mbio. Alisema yote hayo bila kucheka. Kisha akacheka. Falakika anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Nimekwisha!

Alhamisi, tarehe 7

Mazoezi. Walikuwa wananingoja. Waimba besi wakaniuliza kama ngozi ya utumbo imelainika. Nikawapuuza. Noti ya juu niliipanda vizuri kabisa, halafu tumbo nalo likadai zamu yake. Nikatoka mbio. Niliporudi, ubeti ulishakwenda kwa Uaisele.

Nimeumia, siwezi kuficha. Miaka thelathini naimba nyuma ya wanaume warefu. Mama yangu sasa haoni vizuri, na hajawahi kuijua sauti yangu katikati ya zile nyingine. Nilitaka Jumapili hii aisikie.

Ijumaa, tarehe 8

Shangazi kaniita. Nikakaa chini, mbali na mkeka wake. Kasema Uaisele hujipaka yale mafuta shingoni, kwa sababu kola ya shati la kwaya humchubua. Mbona sikuuliza? Nikamkumbusha kwa adabu kwamba yeye haulizwi. Akasema kuuliza si ujinga, ila kunywa losheni ni ujinga, akaichukua chupa yake. Wala hakukasirika. Alinihurumia, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, tarehe 9

Maajabu! Uaisele kaja mwenyewe. Kasema ubeti hautaki, hajawahi kuutaka, huona haya mbele za watu. Keshaongea na Lopeti. Kesho naimba mimi! Mama katengewa kiti cha mbele. Siale kalia kwa furaha.

Uaisele akaniachia kikopo cha krimu. Akarudia mara tatu, polepole, kama anaongea na mtoto: kaka, ni ya kupaka. Shingoni. Kola isikuchubue. Nikamshukuru sana.

Jumapili, tarehe 10

Saa tatu na nusu asubuhi. Usiku nilitafakari. Tangu lini Uaisele akampa mtu kitu bure? Na kama ni ya kupaka kweli, kwa nini aseme mara tatu? Anayesisitiza sana ana lake. Anataka nipake, isinisaidie, niaibike mbele ya Mama. Mimi si wa kuingizwa mjini mara mbili! Jumatano kosa lilikuwa kipimo tu. Mafunda manne ni mengi. Leo nimekunywa kijiko kimoja, ndani ya maji ya moto.

Ibada ni saa nne. Mkeka wa kiunoni, vazi letu la heshima kanisani, nimeufungua tena, niliufunga mapema mno. Siale anagonga mlango wa choo. Anasema kengele ya kwanza imelia, Mama ameshakaa mbele na anauliza niko wapi. Nimemjibu amwambie asubiri kidogo, sauti bado inaiva.