Gari la Upande wa Pili

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza: atakayetengeneza bango litakalokubaliwa na chuo cha udereva ndiye mkuu wa chumba chetu cha usanifu. Tuko wawili tu. Mimi, na Miwani, yule dada wa meza ya dirishani. Nimemwambia mke wangu aanze kuniita Mheshimiwa. Kasema Mheshimiwa kwanza akatupe taka.

Jumanne, 4 Machi
Nimetafuta picha mtandaoni tangu asubuhi. Nikaandika "dereva mwenye furaha". Wakaja wanawake wanaochekea mabakuli ya majani. Nikaandika "dereva makini". Wakaja wanaume wa suti wanapeana mikono. Hawa watu hawana kazi?

Miwani kabeba kamera, kaenda chuoni kwenyewe kuwapiga picha wanafunzi. Juani! Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Saa tisa nimepata. Binti kwenye usukani, meno yote nje, barabara safi. Nikaichukua.

Jumatano, 5 Machi
Miwani kapita nyuma yangu. Kauliza mwenye picha kaniruhusu lini. Nikasema ni mtu wangu wa karibu. Akasema siku hizi mtandao ukiupa picha unakuonyesha ilikotoka. Nikajifanya natafuta kalamu.

Baada ya chai nikapata dawa. Nimeigeuza picha, kushoto kumekuwa kulia. Sasa hata mama yake binti hatamtambua. Namba ya gari ilisomeka kinyumenyume, nikaifuta. Sikuzaliwa jana.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu wa chuo kaja mwenyewe, mama wa makamo mwenye filimbi shingoni. Kalisogelea bango langu, pua karibu iguse karatasi. Nikajua limemwingia.

Kisha akamuuliza bosi binti huyu anakwenda kumgonga nani. Usukani uko upande usio wetu. Gari liko upande usio wetu. Akasema mwanafunzi wake akiendesha hivi anamfelisha kabla hajatoka getini, na mimi mchoraji eti nataka kumbandika binti huyu mji mzima.

Bosi alicheka mpaka akatafuta kiti. Bango la Miwani likachukuliwa, na cheo kikaenda naye. Nimeumia, sitaficha. Nyumbani mke kauliza habari za Mheshimiwa. Nikasema bado wanajadili.

Jumatatu, 10 Machi
Nimehamishiwa meza ya karibu na choo. Miwani kanipa kazi ya kutengeneza kipeperushi cha kliniki ya moyo. Kaniomba kwa upole nisiokote picha za watu, na kosa la juzi liwe funzo.

Limekuwa. Nimelala nalo siku tatu na nimelielewa: tatizo lilikuwa gari. Gari lina upande wake barabarani. Mtu hana.

Saa nne nimempata daktari mtandaoni, kamwekea mzee kipimo kifuani, kushoto, palepale penye moyo. Picha safi. Nimefuta jina kwenye koti lake, kisha nikaigeuza.

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia aendelee tu na Mheshimiwa.